Karanga Tatu, Uongo Mmoja

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwangu. Mama alikuwa amesimama pale, begi la nguo mkono mmoja na karai lake la kukaangia mkono wa pili, ananiambia hatoki mpaka ajue ninaumwa nini.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, ngoja nikuweke sawa.

Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nne. Presha juu, sukari juu, na magoti yalikuwa yakilia kama bawaba mbovu kila nikipanda ngazi za kazini. Daktari akashauri upasuaji wa kupunguza tumbo. Walikata sehemu kubwa ya mfuko wangu wa chakula, wakaniachia kipande chembamba kama ndizi moja.

Mume wangu alijua. Yeye ndiye aliyetia saini fomu ya kuruhusu upasuaji. Mama hakujua. Mama nilimdanganya kwamba nimepelekwa semina ya kazi kwa wiki mbili.

Nilikuwa na sababu. Miaka tisa iliyopita dada yangu aliingia chumba cha upasuaji ili mtoto wake atolewe. Aliingia kwa miguu yake, anataniana na manesi. Alitoka amefunikwa shuka, yeye na mtoto. Siku ile mama alinishika mikono yote miwili, akaniapisha kwamba mimi niliyebaki sitakubali mtu anipasue maadamu yeye yu hai.

Niliapa, kisha nikavunja kiapo. Hayo mliyasoma. Haya ya leo sijawahi kumwambia mtu yeyote nje ya nyumba yangu.

Mama anauza karanga za pilipili na krispi nje ya lango la chuo cha ufundi. Ni mwaka wa ishirini na sita huu. Sare zetu za shule, viatu vyetu, hata kitanda nilichoolewa nacho, vyote vimetoka kwenye karai lile. Kwa mama, kumpenda mtu ni kumlisha. Hajui njia nyingine. Hata jina aliloniita tangu nikitambaa ni Tonge.

Huyo ndiye aliyeingia nyumbani kwangu wiki ya tisa baada ya upasuaji. Hakukaa, hakuomba maji. Alienda moja kwa moja jikoni, akawasha jiko.

Mume wangu hakuwepo. Yeye ni fundi wa minara ya simu, wenzake humwita Ndege kwa jinsi anavyokaa juu. Aliondoka wiki ya sita kwenda kufunga mitambo mbali huko, kazi ya wiki sita. Simu yake ilikuwa ya kubahatisha. Mtu anayewapa wengine mtandao, yeye mwenyewe hapatikani.

Basi nikabaki na mama, na siri yangu, na daftari.

Daftari nilipewa na mshauri wa lishe wa hospitali, mwanamke mkavu asiyetabasamu ovyo. Alikuwa amenipangia kila kitu. Kwanza maji kwa vijiko, kisha supu iliyochujwa, kisha chakula cha kupondwa kama cha mtoto, kisha vitu laini.

"Kitu kimoja kipya, siku tatu za kungoja," alinielekeza. "Onja kidogo. Tafuna mpaka kiwe uji. Usinywe maji pamoja na chakula. Andika ulivyojisikia. Karanga na pilipili vitakuja mwisho."

"Mwisho ni lini?"

"Nitakapokuambia."

Wiki ya nane aliniruhusu krispi moja. Moja, si pakiti, na ya chumvi tupu.

Mimi najalidi vitabu. Kutwa nzima nashona kurasa, napaka gundi migongo ya vitabu, naviweka kwenye shinikizo vikauke. Siku ile nilijificha nyuma ya marobota ya karatasi, nikaiweka ile krispi ulimini kama mtu anayepokea dawa. Nikatafuna mara thelathini. Ilivunjika kwa ule mlio ninaoujua, chumvi ikayeyuka, mafuta yakapita taratibu kooni. Ikashuka. Ikatulia.

Nikalia.

Fundi wa mashine ya kukata karatasi akapita, akaniuliza nimefiwa na nani.

"Gundi imeniingia machoni," nikamwambia.

Nilikuwa nimepungua kilo ishirini na tano. Ngazi za kazini nilikuwa nazipanda bila kusimama katikati. Nilijiona nimeshavuka. Kumbe ndipo mama alipokuwa anafunga begi lake.

Maana mama naye alikuwa ameniona. Nilipita pale langoni kumsalimia, akaniangalia mashavu yangu yaliyoingia ndani, akaangalia gauni linavyonipwaya, akaacha karanga ziungue. Miaka ishirini na sita hajawahi kuunguza karanga.

Siku ya kwanza nyumbani kwangu alipika viazi vya kukaanga, vikavu, vimepakwa pilipili yake ya kusaga, kile chakula nilichokuwa namaliza sahani tatu nikiwa msichana. Akaniwekea mlima.

"Kula, Tonge."

"Nimeshiba, mama. Nimekula kazini."

"Umekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Maharage."

Alinitazama mdomoni, kana kwamba maharage yataonekana kwenye meno. "Basi beba vya kesho."

Nikabeba. Nikamwaga kwenye gunia la vipande vya karatasi kazini. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Kila asubuhi mama ananifungia chakula kwa mikono iliyojaa alama za mafuta ya moto, na kila mchana mimi natupa. Kutupa chakula cha mama yako si jambo jepesi. Nilikuwa nageuza uso, namwaga huku naangalia ukutani.

Siku ya tano alikataa kunifungia.

"Leo utakula hapa, mbele yangu," akasema, akavuta kiti akakaa mlangoni. Huwezi kumruka mama yako mlangoni.

Ningeweza kusema palepale. Mama, nilipasuliwa, naomba unisamehe. Maneno hayafiki hata kumi. Lakini nikamwona dada machoni mwake, nikafa moyo.

Nikachukua kiazi. Kikapita. Nikachukua cha pili. Pilipili ikawasha midomo, na jamani, nisidanganye, ilikuwa tamu mno. Miezi miwili ya uji na supu, halafu ulimi unaguswa na kitu kinachowaka. Nikasahau kutafuna. Nikachukua cha tatu, cha nne.

Kifua kikakaza. Ilikuwa kama mtu amenikanyaga kati ya mbavu kwa kisigino. Jasho likanitoka, mate yakajaa mdomoni. Nikampita mama pale mlangoni, sijui hata nilimpitaje, nikafika uani nikainama juu ya beseni la kufulia.

Nilitapika mpaka machozi.

Mama alikuja akanishika mgongo. Nikajua sasa ataniuliza, na mimi nitajibu, na yote yataisha. Hakuuliza. Alinifuta mdomo kwa pindo la kanga yake, akaniinua uso, akaniangalia macho, kucha, shingo. Aliangalia muda mrefu.

Kisha uso wake ukafunguka. Sina neno jingine. Ulifunguka kama dirisha la chumba kilichofungwa miaka.

"Tonge," akanong'ona. "Wewe huumwi. Wewe una mimba."

Hapa ndipo ninapotaka unihukumu, msomaji.

Mimi na Ndege tulikuwa tumeoana miaka saba. Tulishahangaika kwa madaktari wa kila aina bila kupata. Mama hakuwahi kunisema kwa hilo hata siku moja, lakini nilikuwa namwona anavyotazama watoto wa watu. Na sasa alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya uani, mikono yake miwili tumboni kwangu, juu ya makovu asiyoyajua.

Ningesema hapana. Nilifungua mdomo niseme hapana.

Nikanyamaza.

Kunyamaza tu. Sikusema ndiyo. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo. Lakini mama hakuhitaji ndiyo. Alishaanza kunishukuru.

Tangu siku ile nyumba ikabadilika. Mama aliondoa pilipili jikoni, chupa zote, akasema mjamzito asichomwe tumbo. Akanipikia uji mwepesi, mayai laini, samaki wa kuchemsha aliyenitolea miba mwenyewe kwa vidole. Akanipa kidogokidogo mara sita kwa siku, sahani ndogo, bila kunilazimisha.

"Usinywe maji mengi na chakula, utajaa gesi," ananiambia.

Ndicho kilekile alichoniambia mshauri wa lishe. Bila kujua, mama alikuwa ananiuguzia upasuaji wangu. Na mimi nilikuwa nakula, napona, nanyamaza.

Akaleta sanduku.

Alilitoa nyumbani kwake, sanduku dogo la bati. Ndani mlikuwa na nguo za mtoto wa dada. Fulana sita, soksi za kitambaa, kofia mbili, blanketi la njano. Hazikuwahi kuvaliwa. Miaka tisa zimekaa humo.

"Nilikuwa siwezi kuzitupa wala kumpa mtu," mama akasema. "Nilikuwa sijui nazingojea nini. Sasa najua."

Akaanza kuzifua moja moja, kwa sabuni ya kipande, taratibu, anaimba kwa sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia mama akiimba tangu dada afe.

Mimi nikaenda chooni nikafunga mlango, nikauma taulo.

Kila siku nilipanga kusema kesho. Wiki ya kumi ikapita hivyo, na ya kumi na moja nayo. Nilimwomba mama asimwambie mtu kwanza, hasa Ndege, kwamba nataka kumwambia mwenyewe uso kwa uso. Akakubali, akafurahia siri kama msichana.

Wiki ya kumi na mbili mshauri wa lishe akafungua daftari langu, akapitisha kalamu ukurasa hadi ukurasa.

"Sasa unaweza kujaribu karanga," akasema. "Tatu. Na pilipili kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai. Ukiungua, acha. Usipoungua, usijifanye shujaa ukaongeza."

Nilitoka pale kama niliyeshinda mtihani. Nilijiambia hii ndiyo siku. Nitakula karanga za mama, zikikaa nitaenda kumwambia. Kwa akili zangu za wakati huo niliona kwamba nikiweza tena kula chakula chake, atanisamehe upesi. Nitamwambia, mama, nilikatwa tumbo, lakini tazama, bado mimi ni mtoto wako, bado nakula mkononi mwako.

Jumamosi mchana nilichukua karanga kwenye kopo lake la akiba, nikajifungia chumbani. Nikazihesabu. Tatu. Zimepakwa unga mwekundu wa pilipili, zimekauka vizuri.

Ya kwanza niliitafuna mpaka ikawa maziwa. Joto lilianza nyuma ya ulimi, likapanda masikioni, likanitoa kamasi. Nikangoja. Ya pili. Nikangoja. Ya tatu.

Tumbo likapokea. Halikukaza wala halikuuma. Kulikuwa na ujoto tu, kama mtu amewasha taa ndani.

Nikafuta pua, nikavuta pumzi, nikatoka uani.

Mama alikuwa anaanika zile nguo kwa mara nyingine. Alikuwa anazifua kila Jumamosi, ingawa hakuna aliyezivaa. Fulana sita kwenye kamba, blanketi la njano katikati, maji yanadondoka.

"Mama," nikasema. "Nina jambo nataka kukuambia."

Na wakati uleule geti likalia. Ndege akaingia, begi begani, uso umeungua jua, anacheka. Alikuwa amemaliza kazi siku mbili kabla ya muda.

Mama hakuweza kujizuia. Wiki tatu za siri zilikuwa zimemjaa hadi kooni. Alimwendea na mikono yake ya sabuni, akamshika uso.

"Karibu, mwanangu. Karibu nyumbani, baba."

"Asante, mama."

"Hapana, umesikia nilivyosema? Nimekuita baba."

Ndege alinitazama. Akatazama kamba, zile nguo ndogo. Akarudi kunitazama mimi.

Begi likamtoka begani. Akakaa chini, kwenye kizingiti, kama mtu aliyekatwa miguu. Akafunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanapanda na kushuka, na nilijua kwamba anacheka na kulia kwa pamoja, maana mimi ni mke wake.

"Miaka saba," akasema ndani ya viganja vyake. "Miaka saba, mke wangu. Kwa nini hukunitafuta kwa njia yoyote? Ningeshuka. Wallahi ningeshuka hata kama ningeruka."

Nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kunyamaza. Nawaambia ukweli, niliifikiria.

"Si kweli," nikasema.

Wote wawili wakainua vichwa.

"Nini si kweli?" mama akauliza.

"Sina mimba. Sikuwa na mimba. Siku ile nilitapika kwa sababu ya viazi. Mama, nilipasuliwa. Ile semina haikuwepo. Nilikatwa tumbo ili nipungue."

Mama hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, ningezimudu kelele.

"Nionyeshe," akasema.

Nikainua blauzi. Makovu ni matano, madogo, hayazidi urefu wa kucha. Mama alisogea, akagusa moja kwa kidole. Mkono wake ulikuwa bado na povu.

"Nani alitia saini?"

"Mimi, mama," Ndege akajibu kutoka pale kizingitini. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzee.

Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akageuka, akaanza kuanua nguo. Fulana ya kwanza, ya pili. Zilikuwa bado mbichi, zinachuruzika, na yeye alizikunja hivyohivyo.

"Mama, niliogopa. Ungekasirika."

"Ningekasirika," akasema, akiendelea kukunja. "Ningekasirika, ningelia, ningekununia siku mbili. Siku ya tatu ningekuja kukupikia uji. Ulikuwa hujui hilo?"

Nikashusha blauzi.

"La kisu ningelimeza, Tonge. Umepona, nakuona. Lakini wiki tatu nimeamka kila asubuhi na furaha. Unajua ni muda gani sijaamka na furaha? Nikazitoa nguo za dada yako mahali nilipozificha, nikazifua, na wewe unaniangalia." Akalichukua blanketi la njano, akalikamua. Maji yakammwagikia miguuni. "Dada yako nilimzika mara moja nikajikaza. Leo umenirudisha makaburini."

Akaweka nguo kwenye sanduku la bati. Akabeba begi na karai lake. Ndege alisimama kumsaidia, akakataa. Mlangoni hakugeuka.

Kopo la karanga aliliacha. Mama hajawahi kusahau kopo mahali popote.

Ndege alikaa siku mbili. Hakunigombeza. Alirekebisha bomba la jikoni lililokuwa linavuja, akabadilisha taa ya uani, kazi ambazo alikuwa anaziahirisha tangu mwaka jana. Asubuhi ya tatu akafunga begi.

"Wameniita mnara mwingine," akasema.

"Wamekuita au umeomba?"

Alifunga kamba za viatu. Kisha akasema bila kuniangalia, "Nilikuwa baba kwa dakika tano. Sijui hata namna ya kukuelezea. Niache nikakae juu kidogo."

Nikabaki na nyumba. Nikawa nafungua daftari, naandika. Karanga tatu, sawa. Pilipili, sawa. Ukurasa haukuwa na sehemu ya kuandika mengine.

Kazini harufu ya gundi ilianza kunisumbua. Gundi ileile ninayoinusa miaka kumi na moja. Nikawa naona kizunguzungu nikiinama kwenye shinikizo. Nikadhani ni majonzi. Nikadhani nimejizidishia pilipili, maana nilikuwa nakula zile karanga tatu kila siku, si kwa njaa, bali kwa kuwa ndicho kitu pekee cha mama kilichobaki ndani ya nyumba.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya kliniki. Daktari aliyenipasua akanisikiliza, akauliza kizunguzungu kilianza lini. Kisha akauliza siku zangu za mwezi mara ya mwisho zilikuwa lini.

"Tangu upasuaji zimevurugika," nikamwambia. "Siku hizi sizifuatilii."

Akaandika kitu, akanituma maabara na kikopo cha mkojo. Nilikaa kwenye benchi la mbao nikingoja, nikitazama ukuta. Sikuwaza chochote. Nesi aliporudi na karatasi hakunipa mimi, alimpa daktari. Daktari akaisoma, akanipeleka chumba cha pili, nikalala, nikapakwa ile dawa ya baridi tumboni, mashine ikapita juu ya makovu.

"Tulikwambia usubiri mwaka mmoja na nusu kabla ya kubeba mimba," akasema.

"Nini?"

"Una wiki kumi."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Akaniambia mwili ukipungua ghafla wakati mwingine mambo yaliyokuwa yamejifunga hufunguka, na wanawake wengi hawategemei. Akaniambia pia, bila kuficha, kwamba si mimba nyepesi. Tumbo langu halipokei chakula cha kutosha mtu mmoja, sembuse wawili. Vipimo kila wiki mbili. Dawa za kuongeza damu. "Usikae peke yako nyumbani," akasema. "Uwe na mtu wa kukuangalia unavyokula. Una mtu?"

Nilikuwa nahesabu. Wiki kumi. Ndege aliondoka wiki ya sita baada ya upasuaji. Viazi nilivitapika wiki ya tisa.

Siku ile uani, mama alipopiga magoti na kunishika tumbo, mtoto alikuwa humo. Mama aliona. Mikono yake ilijua. Nami nilisimama kwenye uani uleule, mbele ya nguo zile, nikamwambia hakuna kitu.

"Una mtu?" daktari akarudia.

"Ninaye," nikasema.

Nilimpigia Ndege nikiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Mara ya nne akapokea. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Ndege, nina mimba. Nimetoka kupimwa sasa hivi. Wiki kumi. Nina karatasi mkononi."

Upepo tu.

"Mume wangu?"

"Niko mita sitini juu," akasema taratibu. "Nakuomba. Usinifanyie hivyo nikiwa huku juu."

Akakata. Nikapiga tena, hapatikani.

Sikurudi kazini. Nilienda moja kwa moja kwenye lango la chuo cha ufundi, nikiwa nimeishika ile karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana. Wanafunzi na ovaroli zao za mafuta walikuwa wamejipanga mbele ya meza ya mama, na walimu wawili watatu. Mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani, anachota karanga kwa kikombe, anafunga kwenye karatasi, anapokea, anachota.

Alikuwa amekonda. Siku kumi na mbili tu, na alikuwa amekonda.

Nikapita pembeni ya watu, nikafika kwenye meza.

"Mama."

Hakuinua macho. "Kuna foleni," akasema. "Wenzako wamepanga."

Kijana mmoja aliyekuwa mbele alinitazama, akataka kunipisha. Nikamkatalia kwa mkono. Nikarudi nyuma, nikasimama nyuma ya mtu wa mwisho.

Walikuwa watu kumi na mmoja. Nilisogea nao hatua moja moja kwenye jua. Harufu ya mafuta na pilipili ilinizunguka, mate yakanijaa, kizunguzungu kikanipanda, nikamshika bega mtu wa mbele nikamwomba radhi. Kumi. Saba. Wanne. Nilikuwa napanga maneno. Mama, ulisema kweli. Mama, mikono yako haikukosea. Niliyekosea ni mimi, mara ya kwanza nilipokunyamazia na mara ya pili nilipokukanushia. Nikaona ni mengi mno. Nikaamua nitampa karatasi tu.

Mtu wa mbele yangu akaondoka na karanga zake.

Nikaiweka karatasi mezani, kati ya kopo la chumvi na kikombe cha kupimia, nikaigeuza imwelekee yeye. Muhuri wa hospitali ulikuwa juu. Picha ya ile mashine ilikuwa imebanwa kwa pini pembeni, kidoa cheupe katikati ya weusi.

Mama aliitazama. Najua aliitazama, niliona macho yake yakishuka na kusimama palepale. Kikombe kilikuwa kimebaki hewani mkononi mwake, na karanga mbili zikadondoka juu ya meza.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Foleni ilikuwa imejipanga tena.

Mama akakishusha kikombe. Akainua uso, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza, kama anavyomtazama mteja asiyemjua.

"Za kawaida," akauliza, "au za pilipili?"